Tindo Isiyopitia Moto wa Pili

Sifa zote ni za Mungu aliyeumba chuma kabla ya kumuumba mhunzi, akaificha nguvu yake udongoni ili mwanadamu aitafute kwa jasho na kwa adabu. Amenilinda hata leo nina mvi kichwani na vidole vyangu vyote kumi, na kwa mtu aliyekula kwa nyundo hilo si jambo dogo. Namshukuru kwanza, ndipo nizungumze.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na miwili, nimesimama mbele ya moto katika kibanda cha mjomba wangu kule Riruta, nikiamini kwamba hapakuwa na jambo la chuma nisilolijua. Nilikuwa nimefanya kazi hapo miaka mitatu. Miaka mitatu inatosha kumfundisha mtu kazi, lakini haitoshi kumfundisha mipaka yake.

Mjomba wangu huyo, Mzee Nthenge, alikuwa mhunzi mwana wa mhunzi. Wazee wake kwetu Ukambani walifua mishale na minyororo. Yeye alikuja Nairobi, akaona watu wanajenga kwa mawe, akaanza kufua tindo, yaani zile patasi za chuma tupu ambazo mwashi huchongea mawe kwa kuzigonga nyundo. Hakutumia chuma cha dukani. Alinunua springi za malori kuukuu, akazikata, akazichoma, akazifua juu ya fuawe mpaka zikapata umbo.

Watu walikuwa wakimuuliza mbona asitumie nondo za kujengea, nazo zimetupwa kila mahali. Aliwajibu kwa vitendo. Aligusisha nondo kwenye jiwe la kunolea linalozunguka, nazo cheche zikatoka ndefu, zimenyooka kama mvua ya upepo. Kisha akagusisha springi, cheche zikapasuka mwishoni zikatawanyika matawi matawi.

"Hicho kinachopasuka ni makaa," alisema. "Springi iko na makaa ndani yake, kidogo tu, kama chumvi kwa mboga. Nondo haina ya kutosha. Hiyo unaweza kuizamisha majini mpaka Bwana arudi, itabaki laini vile vile."

Sasa nikueleze jinsi tindo inavyomalizwa, maana kosa langu lilikuwa hapo. Ukishaifua, unaitia ncha yake motoni mpaka iwe nyekundu kama nyanya iliyoiva, isizidi hapo. Unaichovya ncha majini kiasi cha urefu wa kidole gumba, unaitoa upesi. Ncha imekuwa ngumu, lakini shina bado lina moto. Unaisugua ncha kwa kipande cha jiwe mpaka ing'ae, kisha unatulia na kutazama. Joto lililobaki shinani linatembea polepole kwenda nchani, nalo linabeba rangi: manjano ya majani makavu, halafu kahawia, halafu zambarau. Zambarau inapofika ukingoni, unaizamisha yote majini, imekwisha. Huko kutembea kwa rangi ndiko mjomba alikokuita moto wa pili. Hakuna mwali wala moshi. Kuna kungoja tu.

Alikuwa na msemo wake: "Moto wa kwanza unaipa tindo ukali. Wa pili unaipa akili."

Basi, ikatokea kwamba mwashi mmoja aliyeitwa Makokha, mtu wa Bungoma, mpana wa mabega na mpana wa maneno, alipata kazi ya kuongoza waashi wenzake kujenga ukuta wa kanisa huko Karen. Mawe yenyewe yalikuwa yale magumu ya kijivu yenye kuelekea buluu, ambayo hula tindo kama mbuzi alavyo majani. Akaja kuagiza tindo kumi na mbili, zote mpya, azichukue Jumamosi. Wiki hiyo hiyo mjomba aliitwa nyumbani, Mwala, kwenye mazishi ya shemeji yake. Akaniachia kazi.

"Mwana wa dada yangu," aliniambia akifunga begi lake, "hii kazi unaiweza. Kile hauwezi ni kungoja. Jaribu."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nilizifua vizuri, Mungu ni shahidi. Ijumaa asubuhi nikaanza kuzimalizia. Tatu za kwanza nilizipitisha kama nilivyofundishwa, nikitazama rangi mpaka macho yakaniuma. Makokha akapita kuangalia kazi yake. Akaichukua moja, akaomba tupa ya kunolea, akaisugua tindo ukingoni. Tupa ikauma kidogo, ikaacha alama nyembamba kama unywele.

"Sasa hii ni nini?" akasema. "Bado ni laini. Nilidhani nimeagiza tindo, kumbe nimeagiza mkate."

"Hiyo ni sawa, Makokha. Ndivyo inavyotakiwa iwe."

"Na Nthenge ndiye amekuambia hivyo? Nthenge ni mzee, anapenda vitu pole pole. Mimi nataka ngumu. Tupa isiume kabisa. Wewe ni fundi ama ni mtu wa kutunza moto tu?"

Mwanangu, kuna maneno ambayo mtu akikuambia ukiwa kijana, unayajibu kwa mikono badala ya kuyajibu kwa akili. Niliirudisha ile tindo motoni, nikavukuta kwa nguvu. Nyekundu ya nyanya nikaipita, nikafika rangi ya chungwa, nikaikaribia nyeupe. Nikaizamisha yote majini mara moja, kutoka ncha mpaka shina. Ikalia ikanyamaza. Nikampa Makokha na tupa yake. Akasugua. Tupa ikateleza kama juu ya kioo.

Akanipiga begani. "Hapo sasa. Hiyo ndiyo kazi. Nthenge akirudi mwambie apumzike, kibanda kimepata mwenyewe."

Nililala na maneno hayo kama mtu aliyelala na zawadi mkononi. Lakini kabla ya kulala nilikuwa nimezifanya zote kumi na mbili namna hiyo, hata zile tatu za kwanza nilizokuwa nimezifanya sawasawa. Hilo la tatu za kwanza ndilo linaloniuma hadi leo. Kosa la asiyejua husameheka upesi, ila mimi nilikuwa najua.

Jumatatu, saa nane mchana, mjomba alikuwa amesharudi na tulikuwa tumekaa tukila githeri, Makokha akaingia. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umefungwa bendeji nyeupe, jicho lote limefunikwa. Shati lake lilikuwa na damu iliyokauka. Mkononi alishika vipande viwili vya tindo vilivyofungwa kwa gazeti.

"Nthenge, shikamoo ya jicho moja," akasema. "Kijana wako ameniuzia glasi."

Akatueleza. Alipiga mara moja tu kwenye jiwe la kona, tindo ikavunjika katikati, na kigae kutoka kwenye ukingo wake kikaruka kikamwingia chini ya nyusi. Daktari alikuwa amekitoa. Lakini jicho lenyewe lilikuwa limejaa damu na hakuweza kusema kama litaona. Alhamisi angefungua bendeji, ndipo wajue.

Mjomba alinitazama. Nikasema neno ambalo nikilikumbuka natamani ardhi inifiche. Nikasema, "Labda jiwe lilikuwa baya."

Mjomba alilikunjua lile gazeti. Alichukua kipande kimoja, akakigeuza mahali kilipovunjikia, akakipeleka mlangoni kwenye mwanga. Akaniita nitazame. Kule ndani chuma kilikuwa kinametameta, punje punje, kama sukari iliyomwagwa. Kisha akachukua tindo yake ya zamani, aliyoifua mwenyewe, akaibana, akaifunika gunia, akaigonga kwa nyundo kubwa. Alipiga mara nyingi, jasho likamtoka, ndipo ikakubali kuvunjika. Akanionyesha mvunjiko wake. Ulikuwa wa kijivu, laini, punje hazionekani kwa macho, kama unga uliochujwa mara mbili.

"Zote mbili ni springi ya lori moja," akasema. "Kwa nje zinafanana kama mapacha. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Uliichoma kupita kiasi, punje zikanenepa. Halafu uliipitisha kwa moto wa pili?"

Nikageuza macho kwenye bakuli langu la githeri.

"Nimekuuliza."

"Hapana, Mjomba."

"Ulisahau?"

"Sikusahau."

Hapo Makokha, mwenye jicho lake moja, akainama akitazama viatu vyake. Mjomba akamgeukia. "Na wewe uliyetaka tupa isiume. Ulikuwa unajenga ukuta ama ulikuwa unatafuta kitu cha kumringia fundi?"

"Nthenge, niache, mimi ni mgonjwa," Makokha akasema taratibu.

Niruhusu nisimame kidogo hapa nikueleze jambo nililolijua juzi tu. Mjukuu wangu Mumbua anasomea uhandisi chuoni pale mjini kati. Mwaka huu nilikuwa nyumbani kwa mama yake, Kileleshwa, nikamwonyesha kile kipande cha tindo, kwa maana nimekitunza miaka yote hii. Alikiomba akaenda nacho chuoni, akakisugua, akakiweka chini ya hadubini, akarudi na picha kwenye simu. Chuma kilijaa vitu kama sindano zilizosongamana, zimepishana kila upande.

"Babu," akaniambia, "chembe za chuma zimepangwa kwa safu, na zile za kaboni ni ndogo, zinakaa kwenye nafasi katikati. Chuma kikiwa na moto mwingi kila moja iko na nafasi yake. Ukikipoza ghafla, kaboni inashikwa kabla haijatoka, inasukuma kila kitu pembeni. Ndio maana kinakuwa kigumu. Hakuna kinachoweza kusogea."

Nikamwambia, "Ni kama wakati wa sadaka kanisani. Watu wote wako njiani wanatembea kwenda mbele, halafu mtu apige kelele, 'Kila mtu asimame hapo hapo alipo.' Mmoja amekwama katikati ya viti, mwingine amemkanyaga mwenzake, hakuna anayeweza hata kujikuna."

"Ndio hivyo, Babu. Na ukikisukuma, hakuna wa kumpisha mwenzake, kinapasuka. Lakini ukikipasha moto kidogo tu, baadhi ya kaboni zinatoka, zinapata pa kukaa. Kinapungua ugumu kiasi, lakini kinaweza kuvumilia."

Nikamkumbuka mjomba. Mzee Nthenge hakumaliza hata darasa la nne, na hakuwahi kusikia neno kaboni. Lakini alijua kwamba chuma kina ndani yake, na kwamba ndani hiyo ina mpangilio, na mpangilio huo ndio unaoamua siku ya kupigwa nyundo. Mungu humfunulia mmoja kwa hadubini na mwingine kwa subira, na ukweli ni ule ule.

Turudi Riruta. Mjomba alimuuliza Makokha, "Zile zingine ziko wapi?"

"Kumi na moja ziko kwa waashi. Leo mvua imewazuia baada ya mimi kuumia. Kesho saa mbili wanaanza."

Mjomba akanigeukia. Nilitarajia kelele. Sauti yake ilikuwa ya chini kuliko kawaida. "Hayo ni macho ishirini na mawili. Utafika huko kabla yao."

"Niwaambie nini?"

"Waambie kile hukuniambia mimi."

Kesho yake niliondoka Riruta kabla jua halijachomoza, kwa baiskeli ya mjomba. Nilifika pale Karen barabara bado ina umande, nikasimama langoni. Njia nzima nilikuwa nimetunga hotuba. Walipoanza kuja, wameshika vyakula vyao na nyundo zao, hotuba ikanitoka yote. Nikasema tu, "Naomba mnirudishie tindo zangu. Nilizitengeneza vibaya. Nilijua na nikazitoa hivyo hivyo."

Wakanitazama. Mmoja akasema, "Kumbe ni huyu? Huyu ndiye ametoboa Makokha?" Mwingine akasema, "Amekuja kutafuta jicho la pili." Wakacheka, na mimi nikakaa ndani ya kicheko chao. Mmoja baada ya mwingine wakanipa, kasoro mwashi mmoja mrefu kutoka Busia, aliyekumbatia yake kama mtoto.

"Yangu iko sawa," akasema. "Jana imekata vizuri kuliko zote. Iko ngumu kabisa. Siachilii."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi, ndugu yangu."

"Mbaya aje na inakata?"

Nikamwomba aniazime kwa kipigo kimoja tu, na kama haitavunjika, aende nayo. Tuliifunika kwa gunia lililolowa maji. Nilitaka nipige mimi, akakataa, akapiga mwenyewe, kwa hasira, ili anishinde. Tukasikia sauti ndogo, kama ya mtu anayevunja kijiti cha kuwashia moto. Akafunua gunia. Vipande vilikuwa vitatu. Alivitazama, akapitisha kidole juu ya nyusi yake mwenyewe, polepole, kutoka upande mmoja hadi mwingine.  Hakuna aliyecheka tena.

Nilirudi Riruta na kumi nzima. Siku mbili tulikaa nazo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na wala tindo iliyoharibiwa haikutupwa. Mjomba alinionyesha namna ya kuziponya punje zake: unaichoma mpaka nyekundu ya wastani, unaizika kwenye majivu ipoe bila haraka, unarudia, ndipo uanze upya moto wa kwanza na moto wa pili. Yeye hakugusa hata moja. Alikaa kwenye kigoda chake akisoma Zaburi kwa midomo isiyotoa sauti, na kila rangi ya zambarau ilipofika ukingoni aliinua kichwa kuona kama nitangoja. Nilingoja. Nilimwombea Makokha kwa kila tindo, kwa sababu mikono ikishughulika na macho yakitazama, moyo hubaki huru kuomba.

Alhamisi alasiri nilizipeleka Karen, na mbili mpya za kujazia zile zilizovunjika. Makokha alikuwa ametangulia, ametoka kwa daktari. Bendeji ilikuwa bado ipo. Nikasimama pale langoni na mzigo wangu wa tindo.

"Unaogopa nini?" akaniuliza. "Linaona. Daktari ameshika vidole viwili, nikamwambia viwili. Ameshika vinne, nikamwambia vinne. Amenifunga tena lipumzike wiki moja." Nikataka kumshika mkono, akaurudisha nyuma. "Bado. Leta tindo."

Akachagua moja, akaizungusha, akaipeleka kwenye lile jiwe la kona lililomwumiza. Kisha akanikabidhi mimi.

"Shika wewe. Weka uso hapo karibu, pale mwashi anaweka. Mimi napiga."

"Makokha, una jicho moja leo."

"Ndio nasema usitingishike."

Waashi wote wakaacha kazi. Nilipiga goti mbele ya jiwe, nikaishika tindo kwa mikono miwili, uso wangu umbali wa shubiri kutoka ukingoni. Nilitaka kufumba macho. Nikakumbuka kwamba alipoipiga ile niliyomuuzia, macho yake yalikuwa wazi. Nikayaacha yangu wazi. Nyundo ikashuka. Tindo ikalia sauti safi, ndefu, kama kengele ya kanisa, na kipande cha jiwe kikaruka kando. Akapiga tena, na tena. Ukingo haukupungua kitu. Baada ya kipigo cha kumi, au zaidi, aliweka nyundo chini, akaomba tupa, akausugua ukingo. Tupa ikauma kidogo, ikaacha alama nyembamba kama unywele.

"Bado ni mkate," akasema. Ndipo akanipa mkono.

Ukuta ule upo hadi leo, na Makokha alibaki na kovu chini ya nyusi ambalo alipenda kuwaonyesha watu akiniita daktari wake wa macho. Tulizeeka tukiwa ndugu.

Basi mwanangu, sikiliza. Ugumu si nguvu. Mtu anaweza kuwa hana kitu kinachomkwaruza, hana anayemwonya, tupa zote zinateleza juu yake, akajiona amekomaa, kumbe anangoja tu nyundo ya kwanza. Jifunze kilicho ndani ya kitu unachokishika, kiwe chuma, saruji au moyo wa mtu, na jinsi kilivyopangwa, kwa maana nje haitakuambia. Usimfurahishe mteja kwa kumdhuru. Ukigundua kwamba kosa lako limeshatoka mikononi mwako na liko kwa watu, usingoje wakuletee likiwa limefungwa kwenye gazeti. Amka mapema, ulifuate, uliombe lirudi, hata kama watakucheka langoni. Na Mungu anapokupitisha kwenye ule moto wa pili, ule mdogo usio na mwali, wa kukemewa kwa sauti ya chini na kungojeshwa, usikimbilie majini. Tulia mpaka rangi ifike.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu ayalinde macho yako na mikono yako. Akupe mjomba wa kukuambia ukweli na rafiki wa kukupa mkono baada ya kukujaribu. Kazi unayoitoa iwe salama kwa atakayeishika, na siku utakayopigwa na maisha, usikike ukilia kama kengele, wala usivunjike. Amina.